Maswali Tunayoulizwa Sana: Kanisa la Kijijini Kuihudumia Jamii Yake

Bwana asifiwe wapendwa. Haya ni maswali ambayo wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, vijana wa kwaya na wenyeviti wa vijiji wanatuuliza kila tukifika mahali, mengine kwenye simu, mengine njiani tukisubiri basi. Tunafanya kazi na makanisa ya vijijini mkoa wa Dodoma, Anglikana, KKKT yaani Walutheri, AICT yaani Africa Inland Church, Wapentekoste, yeyote aliye tayari. Majibu tumeyaandika kama tunavyoongea kikaoni na hatujayapanga kwa ukubwa, kwa hiyo swali lako likiwa huko chini usidhani tumelidharau.

Nyinyi mnaleta mradi gani?

Hatuleti mradi. Tunajua hili jibu linawavunja watu moyo dakika tano za kwanza, maana shirika likisikika linakuja watu wameshaandaa orodha, bati, kisima, cherehani, pikipiki ya mchungaji. Sisi tunachofanya ni kulisaidia kanisa la pale pale liangalie upya kijiji chake na kujiangalia lenyewe, lijue lina nini, alafu likae na majirani wote waamue wanaanza na lipi, na waanze kwa walichonacho. Tunatoa mafunzo kwa wawezeshaji wenu, tunakaa nao, tunarudi kuwatembelea, tunawaunganisha na wataalamu wa halmashauri pale inapohitajika. Mradi ukija utakuwa wenu, mtaupa jina nyie na mtausimamia nyie hata siku ambayo sisi hatupo.

Hii njia mmeitoa wapi, ni ya wazungu?

Watu wa mashirika wanaiita CCMP, yaani mchakato wa kuhamasisha kanisa na jamii, na imekua hapa hapa Afrika Mashariki. Shirika ambalo limeibeba kwa miaka mingi ni Tearfund la Uingereza, lililoanza 1968 chini ya umoja wa makanisa ya kiinjili ya kule, lakini mtu ambaye jina lake linatajwa sana kwenye kuutengeneza mchakato wenyewe ni Mkenya, Francis Njoroge, na makanisa yaliyoufanyia kazi mapema ni kama Pentecostal Assemblies of God kule Teso, Uganda, na Africa Inland Church huku kwetu upande wa Mara. Kwa hiyo ukikaa kwenye mafunzo ukasikia mifano ya mihogo, ng'ombe wa kulimia na mikutano ya kijiji, ujue haikuchomekwa baadaye, ndiko ilikotoka.

Na tuongeze hili maana tunaliamini sana, watu wetu walikuwa wanajua kusaidiana kabla ya semina yoyote. Kule Upareni na Uchagani wana msaragambo, Kenya wana harambee, na hapa Ugogoni mtu akiitisha kazi ya shamba majirani wanakuja na majembe yao. Tunachofanya ni kuamsha kitu kilichopo ambacho miaka ya kugawiwa gawiwa imekilaza.

Mnaanzia wapi mkifika?

Kwa viongozi wa kanisa, na tunaanza na Biblia. Hapa hatuna haraka kabisa. Mchungaji akiwa hajaelewa, au ameelewa lakini anangojea hela kimoyomoyo, huko mbele patakwama tu. Tunasoma pamoja Mathayo 5 habari ya chumvi na nuru, Luka 10 Msamaria, Yohana 6 ile mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na Nehemia, na tunasoma kwa kuulizana, hakuna anayesimama kuhubiri. Kwenye Nehemia huwa tunakaa muda mrefu, kwa sababu yule mtu alianza kwa kuuliza habari za watu wake, akalia, akaomba, akaenda kuukagua ukuta usiku yeye mwenyewe kabla hajamwambia mtu, alafu ukiangalia sura ya tatu unakuta baadhi yao wanajenga kipande kinachoelekea nyumba zao. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Mzee wa kanisa akiliona hilo kwa macho yake mwenyewe kwenye Biblia yake mwenyewe, hatuna haja ya kumwongezea maneno.

Baada ya hapo kanisa lote linapewa maono, alafu jamii inaitwa kupitia serikali ya kijiji, alafu zinakusanywa taarifa, zinachambuliwa, ndo watu wanaamua na kupanga. Hatua ni hizo, kwa maneno zinaonekana fupi.

Hatua ya taarifa ndiyo watu wanaikumbuka zaidi. Mnakusanyika uwanjani, mnachora ramani ya kijiji chini kwenye mchanga, majivu yanakuwa barabara, mawe yanakuwa nyumba, majani mabichi ni mashamba, vipande vya chupa ni sehemu za maji. Mwanzoni wanaume ndio wanainama kuchora na akina mama wamesimama pembeni na watoto mgongoni. Tukifika kwenye maji mambo yanageuka. Mwanaume anaweka kile kipande cha chupa karibu na nyumba, mama mmoja anakuja anakiokota anakipeleka mbali kule mwisho wa uwanja, anasema hicho kisima ulichoweka wewe mwezi wa nane hakina maji, tunachota hapa, na ukitoka saa kumi alfajiri unarudi jua limeshawaka. Uwanja wote unanyamaza kidogo alafu kelele zinaanza, wengine wanakubali, wengine wanabisha, mwenyekiti anauliza mbona hamkusema. Hiyo ni taarifa ambayo dodoso la mtaalamu kutoka mjini lingeweza lisiipate, na sasa wameipata wenyewe, wako wote, na hakuna wa kusema sikujua.

Kanisa letu ni dogo na maskini, tuna watu thelathini tu na paa linavuja. Tutahudumia jamii kwa kitu gani?

Hili ndo swali tunaloulizwa kuliko yote na tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu umaskini wenu ni wa kweli, hatuji kuwaambia mnajidanganya. Dodoma mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba inaisha Aprili, na mwaka ikikatika mwezi wa pili mtama haujabeba, familia inakula kwa kupima. Tunalijua.

Lakini tunawaomba mfanye zoezi moja. Kaeni mwandike kila kitu mlichonacho, bila kuruka. Eneo la kanisa, hata kama ni ekari moja yenye miba. Jengo ambalo Jumatatu mpaka Ijumaa limefungwa. Mabenchi. Fundi mwashi ambaye ni mwimbaji wa kwaya. Bibi anayejua kuzalisha na anayejua ni mama gani mjamzito yuko kwenye hatari. Mwalimu mstaafu. Vijana wenye simu. Mikokoteni. Ng'ombe wa jembe. Ile desturi ya mnada baada ya ibada, ambapo kuku mmoja anauzwa mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua anamrudisha kwa Bwana. Na kitu kikubwa kuliko vyote, kuaminika, maana mgonjwa akizidiwa usiku majirani wanajua mlango wa kugonga.

Orodha hiyo huwa inajaza karatasi kubwa mbili za ukutani, na tunaibandika ikae kanisani wiki kadhaa watu waisome wakiingia na kutoka. Yule kijana wa mikate mitano chakula chake hakikuwatosha watu wengi namna ile, na Andrea alilisema hilo wazi, lakini kilitolewa kikiwa hivyo hivyo kilivyo. Tunawaomba mwanze hivyo. Kanisa la watu thelathini linaweza kulima shamba la mjane mmoja Jumamosi moja, na Jumamosi hiyo ndo mnaanza.

Mnalipa posho?

Hapana. Wala nauli ya kuhudhuria kikao kijijini kwenu, wala soda. Chakula cha siku ya mafunzo mnapika wenyewe kwa michango, na tumeona kwamba mahali watu walipochanga unga na maharage mahudhurio ni mazuri kuliko kulipokuwa na bahasha. Posho ikiingia siku ya kwanza, mtu anakuja kwa ajili ya posho, na siku isipokuwepo haji, na hana kosa, ndivyo tulivyomfundisha sisi mashirika.

Basi mtatupa hela lini?

Tunaelewa kwa nini linarudi. Jibu ni kwamba hatuna mfuko wa kuwapa. Kuna mambo ambayo yanazidi nguvu ya kijiji, mfano kisima kirefu cha kuchimba kwa mashine, na hapo tunakaa na nyie kuandika maombi, kwenda halmashauri, kwenda RUWASA ambao ndio wenye dhamana ya maji vijijini tangu 2019. Na hata hapo mtaulizwa chombo chenu cha watumia maji kiko wapi, nani anakusanya ile hela ya ndoo, nani ananunua spea pampu ikifa. Vijiji vingi tumepita pampu imesimama na kutu kwa sababu ililetwa na wageni, ikazinduliwa kwa ngoma, hakuna aliyekabidhiwa wala kufundishwa, kifaa kidogo cha ndani kikaisha, basi. Tunasikia uchungu kila tukiona, kwa sababu akina mama wanapita pembeni yake na ndoo kichwani.

Hii kazi si ya serikali?

Ni ya serikali na ni yenu pia. Makanisa ya Tanzania yana historia ndefu ya huduma, hospitali ya KCMC Moshi ilifunguliwa 1971, Bugando iko Mwanza, na mwaka 1992 CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki, wakaunda CSSC, tume ya Kikristo ya huduma za jamii, iwe inaratibu mambo ya afya na elimu kati ya makanisa na serikali. Lakini hizo ni taasisi kubwa. Mama anayeficha mtoto mwenye ulemavu ndani kijijini kwenu anaonekana na jirani yake wa jumuiya kabla ya mtu yeyote wa wizara.

Na msifanye kitu kwa kuizunguka serikali ya kijiji. Mtendaji na mwenyekiti waelezwe mapema, na mipango ipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria unatakiwa uwepo kila miezi mitatu. Kama kwenu haujaitishwa muda mrefu, kuuomba uitishwe ni huduma tosha kwa jamii.

Kijiji chetu nusu ni Waislamu, na wengine hawana dini. Watashiriki?

Wanashiriki, na wawe ndani tangu kuchora ramani, sio kualikwa mwisho kuja kupokea. Shehe na wazee wa msikiti waendewe nyumbani kwa heshima, waelezwe kila kitu, na kikao cha jamii kifanyike mahali pa wote, shuleni au ofisi ya kijiji, kisiwe kanisani. Msikipange Ijumaa mchana.

Na hapa tuna msimamo ambao hatuuregezi. Hakuna kumuuliza mtu dini yake kabla ya kumsaidia, hakuna kumwambia mtu atapata mbegu akija Jumapili, hakuna maombi ya lazima kabla ya kugawa chakula cha njaa. Kuna kanuni za maadili ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengi ya misaada walikubaliana 1994, nazo zinasema msaada unatolewa bila kuangalia rangi, dini wala taifa na usitumike kusukuma msimamo wa dini au siasa, na mashirika ya Kikristo nayo yamesaini. Lakini hata zisingekuwepo, Msamaria hakumuuliza yule majeruhi anasali wapi.

Je, hamuoni mnaliondoa kanisa kwenye Injili?

Tunaulizwa hili na wachungaji wenye moyo safi kabisa na hatulikwepi. Tunaamini Yesu ni Bwana na tunatamani kila mtu amjue, hatujaficha. Ila mtu anayemhubiri Yesu Jumapili alafu Jumatatu anampita jirani amelala njaa, mahubiri yake yanasikika nusu. Yakobo sura ya pili ameliongelea wazi, kumwambia mtu nenda kaote moto ukashibe bila kumpa kitu cha mwili kunafaa nini. Ibada zenu ziendelee, maombi ya kufunga yaendelee, semina za neno ziendelee. Hatujawahi kumwambia mchungaji apunguze kuhubiri.

Kwa nini kila mahali mnaanzisha vikundi vya hisa?

Hatuvianzishi kila mahali, ila watu wakichambua matatizo yao hela ndogo ndogo inajitokeza karibu kila kijiji. Mtoto anaumwa, mama hana elfu kumi, anauza debe la mtama kwa bei ya kutupa mwezi wa sita, mwezi wa kwanza anakuja kununua debe hilo hilo kwa bei mara mbili. Ndo mzunguko wenyewe wa umaskini unavyozunguka.

Mfumo wa kuweka na kukopa tunaoutumia ulianza Niger mwaka 1991, CARE wakiwa na wanawake wa vijijini, na umeenea kwa sababu ni mwepesi na uko wazi. Watu kati ya kumi na tano na ishirini na tano hivi wanaojuana. Mnakaa kila wiki siku moja, saa moja, mmekaa duara. Kila mtu ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano, bei ya hisa mmeamua wenyewe, na kitabu chake kinagongwa muhuri mbele ya wote, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti ambao sio mwenyekiti wala mweka hazina, na anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Hela inahesabiwa kwa sauti wakati wa kufungua na wakati wa kufunga, na wanachama wote wanatakiwa kukumbuka kiasi kilichobaki, mkutano ujao wanaulizwa kabla sanduku halijafunguliwa. Mwisho wa mwaka mnagawana, kila mtu kulingana na hisa zake, mnaanza upya.

Tunasisitiza mambo mawili hapa. Kwanza kikundi kisiwe cha kanisa, kiwe cha majirani, na mchungaji au mke wake wasishike nafasi ya hela, hata wakiaminika vipi, maana siku hesabu ikigoma kanisa zima litaumia. Pili kisajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, vyenyewe viko daraja la nne, na mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii. Usajili unawafungulia pia njia ya ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Lakini msikimbilie mkopo kabla hamjazoea kurejesha hela yenu wenyewe.

Mnafundisha kilimo? Hapa ardhi imechoka.

Tunafundisha kwa vitendo kwenye shamba la kanisa, kipande kidogo kando ya barabara kila mtu apite akione. Tunatumia kilimo cha mashimo na matandazo ambacho kimetoka Zimbabwe kwa mkulima anaitwa Brian Oldreive, yaani hulimi shamba zima, unachimba vishimo kwa jembe la mkono, kwa mahindi mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 60, kina kama 15, unaweka samadi, unafunika ardhi na mabua na majani badala ya kuyachoma, unapanda kwa wakati. Maji ya mvua chache yanakaa pale pale kwenye shimo na jua halikaushi ardhi haraka. Sehemu kavu zaidi tunawashauri mtama na uwele hata kama moyo unataka mahindi.

Ugumu wa kweli upo na tuuseme. Matandazo yanaliwa na mifugo, maana baada ya mavuno ng'ombe wanaachiwa mashamba yote, hivyo bila wafugaji na wakulima kukaa kwenye mkutano wa kijiji na kukubaliana, mabua yako yataisha kabla ya mvua. Kuchimba mashimo mwaka wa kwanza ni kazi nzito, mjane peke yake hawezi, ndo pale Jumamosi za vijana zinapohitajika. Na mtama ukikomaa kwelea kwelea wanashuka kama wingu, wanataka watu wa kuamia kuanzia alfajiri, na hapo watoto wanatolewa shule. Zungumzeni mapema nani ataamia zamu gani ili asiwe mtoto.

Alafu kuna kuhifadhi. Watu wanavuna vizuri alafu dumuzi anamaliza ghalani. Huyu mdudu sio wa kwetu, aliingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na wakulima wakambatiza jina Skania. Mifuko ya tabaka tatu, wengi wanaijua kama PICS, inamuua bila dawa kwa sababu hewa ya ndani inaisha, mradi nafaka iwe kavu kweli na kila tabaka lifungwe peke yake kwa nguvu. Ukitoboa mfuko wa ndani kazi imeharibika. Kikundi kikinunua kwa pamoja bei inakuwa nafuu kidogo, na yule mama wa debe la mwezi wa sita anapata nguvu ya kusubiri bei.

Inachukua muda gani mpaka tuone matokeo?

Kuanzia viongozi kuelewa mpaka jamii kupanga mara nyingi ni mwaka, pengine zaidi, kutegemea msimu wa kilimo. Msikubali kuharakishwa na sisi wala na mtu yeyote.

Mchungaji wetu akihamishwa je?

Atahamishwa, ndivyo makanisa yetu yalivyo. Kwa hiyo tangu mwanzo wawezeshaji wawe wengi na wawe wenyeji, wanaume na wanawake, angalau kijana mmoja, na kumbukumbu za vikao ziandikwe kwenye kaunta buku linalokaa kanisani, lisiwe kwenye begi la mtu. Tunaomba pia askofu au mkuu wa jimbo ajulishwe rasmi, ili anayekuja akute jambo linalotambulika juu. Tumeona mchungaji mpya akifika na kusema hayo ni ya mwenzangu, na kazi ya miaka ikapoa ndani ya miezi. Inauma, na wanaobeba hasara ni wale wazee na wajane waliokuwa wameanza kupata ahueni.

Makanisa yako matatu kijijini na hayaelewani. Mnachagua lipi?

Tunaanza na lolote lililotuita, ila kabla hatujaiendea jamii tunawaomba mwende kwa hayo mengine mawili mkiwa na maneno ya upole. Kijiji kikiona walokole na Walutheri wanachimba choo cha bibi mmoja pamoja, kitawasikiliza wote.

Tunataka kufungua kituo cha watoto yatima. Mtatusaidia?

Tutawasaidia kufikiri tena. Mtoto aliyefiwa karibu kila mara ana bibi, shangazi, mjomba, na kinachomtoa nyumbani ni umaskini wa huyo bibi. Ukimpa bibi mbuzi wawili, nafasi kwenye kikundi na mtu wa kuangalia madaftari ya mtoto, mtoto anakua kwao akijua ukoo wake. Makao ya watoto yana nafasi yake pale hakuna ndugu kabisa au nyumbani pana hatari, lakini yana leseni, yana masharti, na Sheria ya Mtoto ya 2009 isomwe kabla ya kuweka jiwe la msingi. Ongeeni kwanza na afisa ustawi wa jamii.

Na mtoto akifanyiwa ukatili, hata ndani ya kanisa?

Haisuluhishwi kanisani. Haiishii kwenye kuombana msamaha, wala mbuzi wa faini, wala kumhamisha aliyetenda kwenda mtaa mwingine. Polisi dawati la jinsia na watoto, afisa ustawi, hospitali mapema, na namba ya bure 116. Kila kanisa tunalofanya nalo kazi linachagua watu wawili, mmoja wao mwanamke, ambao watoto wanawajua na wanaweza kuwaendea, na mtu mzima habaki peke yake na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, awe mwalimu wa sunday school au mchungaji mwenyewe. Kanisa likikataa hili tunaacha kufanya nalo kazi.

Mbona hampigi picha nyingi kama wengine?

Tunapiga, kwa ruhusa. Mzee aliyevaa nguo zilizochanika ana haki ya kukataa uso wake kuzunguka wasap, na anayepewa chakula akiwa na njaa hawezi kukataa kwa uhuru, kwa hiyo siku ya kugawa hatupigi.

Wagombea wanataka kuja kwenye vikundi vyetu kipindi cha uchaguzi.

Waje kama wananchi. Wasipewe muda wa kuongea kwenye vikao vya kikundi, na mchango wao usipokelewe kipindi hicho. Semeni kwa heshima na mapema, ikibidi iandikwe kwenye katiba ya kikundi.

Sisi tuko nje, Uingereza na Marekani, tunataka kusaidia kanisa letu la nyumbani. Tutume nini?

Asanteni kwa kukumbuka nyumbani. Kabla ya kutuma pigeni simu mwulize wameamua nini wao, na mwulize zaidi ya mtu mmoja. Kuna makanisa yamepokea kinanda na spika kubwa wakati hakuna umeme. Mkiwa na hela, subirini waanze, alafu mwongezee pale walipofika, kwa mfano wao wamefyatua matofali na kupandisha kuta za chumba cha kujifungulia cha zahanati, nyie mkaleta bati. Na kama wewe ni nesi, mhasibu au bwana shamba, ukija likizo kaa na kikundi nusu siku uwafundishe kitu kimoja. Hela ipitie akaunti ya kanisa yenye sahihi zaidi ya moja, isipitie simu ya mtu.

Tuko tayari. Tunaombaje, na siku ya kwanza tuandae nini?

Barua ya ukurasa mmoja inatosha, iandikwe na baraza la wazee, isiwe ya mchungaji peke yake, isainiwe na angalau mama mmoja na kijana mmoja. Semeni mko wapi, mnafikikaje masika, na nini kimewasukuma kuandika. Msiandike bajeti.

Siku ya kwanza tunakuja wawili, tunalala kwa wenyeji popote mtakapotuweka, tunakula mnachokula. Andaeni Biblia, daftari, karatasi kubwa kama mnazo au ukuta na chaki, na watu kati ya kumi na ishirini wanaoweza kukaa siku mbili mfululizo. Tafadhali wawemo akina mama wenye watoto wadogo, na mpange nani atawashikia watoto. Mzee asiyesikia vizuri akae mbele. Tukifika jioni mapema tutaomba mtu mmoja atutembeze kwa miguu, tupite kwenye maji, shule, zahanati na kwa mgonjwa aliye karibu tumsalimie, asubuhi tuanze na Nehemia sura ya kwanza saa mbili kamili.